Jipime mbio na Van de Ven: simu, futi kamba na Jumamosi moja asubuhi

Ubishi ulianzia kwenye kahawa, Sinza, Dar es Salaam, usiku wa mechi. Runinga ikaonyesha kwamba beki fulani amefikisha kilomita 35 kwa saa. Jamaa yetu mmoja, miaka thelathini na kitu, kitambi ndiyo kwanza kinapiga hodi, akaweka kikombe chini. "Thelathini na tano tu? Hiyo mbona hata mimi naigonga." Hakuna aliyecheka. Kimoyomoyo kila mtu pale alikuwa anajiona yumo.

Jumamosi yake nikaenda uwanjani na mpwa wangu. Yeye akashika saa ya kwenye simu, mimi nikachomoka, na mita 20 za mwisho zikasoma sekunde 2.40, yaani kilomita 30 kwa saa. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyesajiliwa. Wiki mbili baadaye nikarudia, uwanja uleule, raba zilezile, ila safari hii tulitumia kamera. Ikaja 26.7. Mimi sikuwa nimebadilika. Kilichonipa zile kilomita tatu na ushee za bure ni kidole cha mpwa wangu.

Haya ninayoandika hapa ndiyo niliyotamani mtu angeniambia kabla ya ile Jumamosi ya kwanza.

Ijue kwanza namba unayoshindana nayo

Micky van de Ven, beki wa Tottenham, alipimwa kilomita 37.38 kwa saa dhidi ya Brentford tarehe 31 Januari 2024, akaipita rekodi ya Ligi Kuu ya Uingereza ya 37.31 aliyokuwa nayo Kyle Walker. Alphonso Davies wa Bayern aligonga 36.51 mwaka 2020 walipocheza na Werder Bremen. Kwenye Kombe la Dunia la Qatar 2022, aliyeongoza kwa kasi alikuwa kijana wa Ghana, Kamaldeen Sulemana, kwa 35.7.

Namba zote hizo ni za kilele. Ni ile sehemu ndogo ya mbio ambapo mchezaji yuko kwenye kasi ya juu kabisa, tayari ameshachanganya. Hazihesabu kuanza kutoka kusimama.

Watu wengi wanapotea hapo. Mwenzetu Ferdinand Omanyala wa Kenya alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Nairobi, Septemba 2021. Gawanya, utapata wastani wa kilomita 36.85 kwa saa. Sasa mtu wa kahawani anadaka: "Kumbe Van de Ven anampita Omanyala!" Hampiti hata kidogo. Ile 36.85 imebeba ndani yake sekunde mbili za mwanzo ambazo mtu anainuka kutoka chini. Mtazame Usain Bolt wa Berlin 2009: mita 100 kwa 9.58, wastani 37.6. Lakini kati ya mita ya 60 na ya 80 alitumia sekunde 1.61 tu, na hiyo ni kama kilomita 44.7 kwa saa. Kwa hiyo usichukue muda wako wa mita 100 ukaulinganisha na kasi ya runingani. Ukifanya hivyo unajionea.

Tunachotaka ni kipande cha mita 20 unachoingia tayari uko kasi. Unajivuta mita 30 hadi 35, unapita kijiti cha kwanza, unapita cha pili, basi. Muda wa kati ya vijiti ndio wako.

Uwanja

Unahitaji mstari ulionyooka wa mita 85 hivi: 35 za kuchanganya, 20 za kupimia, na 30 za kusimama. Hizo za kusimama watu huzidharau, halafu wanafunga breki za ghafla mbele ya ukuta na nyama ya paja inawasuta. Uwanja wa mpira wa kawaida una urefu wa mita 100 au zaidi, kwa hiyo kimbia kando ya mstari wa pembeni.

Coco Beach sahau. Mchanga unakula kasi, na hakuna mchezaji aliyepimwa kwenye mchanga. Lami nayo ina bodaboda. Uwanja wa Mkapa una njia nzuri ya kukimbilia, lakini mimi na wewe hatufunguliwi geti. Kilichobaki ni viwanja vyetu vya mtaani, vya shule (msalimie mlinzi vizuri, umweleze unachotaka kufanya, usiingie kama umetumwa), Leaders kama hakuna bonanza, au viwanja vya Chuo Kikuu kule Mlimani. Udongo mgumu ulioshindiliwa unafaa kabisa. Kabla ya yote, tembea njia yako yote taratibu ukitazama chini. Mimi nilitoa vipande viwili vya chupa na jiwe moja la ukubwa wa yai.

Wakati mzuri ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata saa moja. Jua bado halijawaka na wenye uwanja wao wa Jumamosi hawajafika. Masika usijisumbue, utapima tope.

Upepo nao una sauti. Miezi ya kusi unaweza kukusukuma mpaka ukajiona Mjamaika. Kwenye riadha, upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde rekodi haikubaliwi. Wewe huna kipima upepo, na hata mfuko wa rambo wa kuning'iniza kwenye mti hatuna tangu ulipopigwa marufuku mwaka 2019. Chota vumbi, liachie usawa wa kifua, tazama linakokwenda. Likiruka kando sana, rudi kesho. Kama ni kidogo tu, kimbia mara moja kwenda na mara moja kurudi, uchukue wastani.

Kupima mita 20

Tumia futi kamba, hatua za miguu hapana. Ile ndefu ya mafundi wa viwanja ndiyo bora, na ukimwomba fundi jirani atakuazima. Ukiwa na ile fupi ya mita 5, pigilia msumari kila unapoishia na uanzie kwenye msumari, mara nne. Kamba ya manila usiiamini sana, inavutika.

Tena usidhani mistari ya uwanja itakusaidia. Kisheria eneo la penalti linaingia mita 16.5 kutoka mstari wa goli. Nililipima la kwetu nikakuta 14 na nusu. Ndiyo maana makipa wetu wanafungwa kila siku.

Kosa la nusu mita kwenye mita 20 ni asilimia mbili na nusu. Ukiwa mtu wa kilomita 27, hapo umeshajiongezea au kujipunja karibu kilomita 0.7.

Kamera, na hapa tusiende haraka

Kwa nini tusitumie saa ya kubonyeza? Aliyeshika saa anakuona unapita kijiti cha kwanza, ubongo unatafakari, kidole kinachelewa. Kijiti cha pili anakuona unakuja, anakitarajia, anabonyeza mapema. Makosa mawili, yote yanakupendelea. Kwangu jumla ilikuwa sekunde 0.29. Kwenye mita 100 ungeweza kuvumilia. Kwenye mita 20 hiyo ndiyo tofauti ya beki wa veterani na winga wa timu ya vijana.

Kamera ya simu haina mapenzi. Weka ile video ya mwendo wa polepole ambayo vijana wanaiita slomo. Simu nyingi hupiga fremu (zile picha moja moja zinazounda video) 120 au 240 kwa sekunde. Huna? Usinunue simu kwa ajili hii. Hata video ya kawaida ya fremu 60 inakosea kama sehemu 0.2 ya kilomita tu kwa mkimbiaji wa kasi yangu, na fremu 30 inakosea kama 0.3. Vyote viwili vinamzidi mpwa wangu mbali.

Kwanza ihakiki simu. Chukua simu ya mwenzako, fungua saa ya kuhesabia, ipige video ikiwa inakwenda. Halafu hesabu fremu kutoka sekunde ya 2 mpaka ya 3. Kama umepata 240, au 120, au chochote ulichoahidiwa, simu yako inasema kweli. Kama umepata kitu kingine, tumia hicho ulichopata.

Sasa pa kuiweka. Iwe pembeni, katikati ya vijiti viwili, mita 18 hadi 20 kutoka kwenye njia yako, juu ya kiti au tofali kwenye usawa wa kiuno. Rudi nyuma mpaka vijiti vyote vionekane na nafasi ya kupumua imebaki kila upande. Isishikwe mkononi, na isigeuzwe kukufuata. Isimame tu kama askari wa lindo.

Kuna mtego hapa ulionipotezea asubuhi nzima. Kamera iko katikati, kwa hiyo inavitazama vijiti kwa mshazari. Kijiti kikiwa nusu mita mbele ya njia yako, upande wa kamera, ule mstari wa macho unaopita kwenye kijiti unakwenda kukata njia yako nje kidogo ya alama halisi. Kamera ikiwa mita 18, unajikuta umekimbia karibu mita 20.6 huku unahesabu 20. Unajipunja. Ukiweka vijiti upande wa pili, nyuma ya mkimbiaji, inakuwa kinyume: mita 19.5 zinahesabiwa 20, unajipendelea. Nimeona watu wakichagua upande huo bila kujua, na majibu yao yakawafurahisha.

Dawa yake haihitaji hesabu. Mtu mmoja asimame juu ya alama halisi, katikati ya njia utakayopita. Wewe chungulia kwenye kioo cha simu, na mtu wa pili asogeze kijiti mpaka kimfunike kiuno yule aliyesimama. Hapo ndipo pake. Fanya hivyo kwa kijiti cha pili, kisha simu isiguswe tena. Kwangu kila kijiti kilisogea ndani kama sentimita 28. Mpwa wangu alisimama kwenye alama mikono kiunoni akauliza, "Anko, sasa hii ni mbio au ni upimaji wa kiwanja?" Nikamwambia anyooke.

Vijiti vyenyewe vinaweza kuwa fimbo mbili za ufagio zilizochomekwa kwenye chupa za maji zilizojazwa mchanga.

Kupasha

Usiruke hapa. Kama mara ya mwisho kukimbia kwa nguvu zote ilikuwa UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, usijipime leo. Chukua wiki tatu, mara mbili kwa wiki, ukimbie vipande vya mita 40 kwa kiasi, ukiongeza kidogo kidogo. Msuli wa nyuma ya paja huchanika mtu anapokuwa kwenye kasi kubwa, hauchaniki kwenye mchakamchaka. Kucheza ndondo kila Jumapili hakukuandai kwa hili kama unavyofikiri, maana wengi wetu tunacheza namba sita ya kusimama.

Siku yenyewe: dakika kumi za kukimbia taratibu, kisha kuinua magoti, kupiga visigino makalioni, kurusha miguu mbele na kando. Halafu mikimbio minne ya mita 50, wa kwanza kwa nusu ya nguvu, wa mwisho karibu zote. Ukisikia kitu kinavuta nyuma ya paja, funga siku, nenda kanywe supu.

Viatu: wachezaji wanapimwa wakiwa na njumu kwenye nyasi. Kwenye udongo mgumu njumu zinateleza na kuumiza, vaa raba nyepesi zinazobana. Viatu vya spaiki vya riadha, kama unavyo, vinakupa faida ambayo Van de Ven hakuwa nayo.

Kukimbia

Mbio tatu zinatosha, nne ukipenda sana. Katikati pumzika dakika tano nzima. Makocha wa mbio fupi wanahesabu karibu dakika moja kwa kila mita kumi ulizokimbia kwa nguvu zote. Utaona kama unapoteza muda. Kaa kivulini, kunywa maji.

Anza kwa kusimama, mguu mmoja mbele, uchanganye taratibu. Kasi yote iwe imeshapatikana kabla ya kijiti cha kwanza. Kosa la kawaida ni kuendelea kukaza kwenye mita 20 zenyewe: taya linabana, mabega yanapanda masikioni, hatua zinakuwa fupi. Unaona kwenye video mtu anakunja uso kama amelamba ndimu na kasi inashuka. Na lenga mbele kabisa, si kijiti cha pili. Weka chupa mita 10 baada yake, ndiyo iwe mwisho wako.

Kuhesabu

Chagua kiungo kimoja, mimi natumia kiuno. Tafuta fremu ambayo kiuno kinagusa kijiti cha kwanza, halafu ile kinayogusa cha pili. Kwenye kompyuta, VLC, programu ya kuchezea video, inasogeza fremu moja moja ukibonyeza herufi E, lakini kuhesabu mia sita kwa mkono ni kazi ya kukesha. Kinovea, programu ya bure ya Windows, inakupa muda moja kwa moja ukishaiambia ile kasi halisi ya fremu.

Gawanya idadi ya fremu kwa 240, au kwa ile ya simu yako, upate sekunde. Halafu chukua 72 ugawanye kwa sekunde hizo, ndiyo kilomita kwa saa. (72 inatokana na mita 20 mara 3.6.) Mimi: fremu 646, sekunde 2.69, jibu 26.7. Mpwa wangu, miaka kumi na saba na winga kwelikweli: fremu 564, sekunde 2.35, jibu 30.6. Hakusema kitu. Aliomba tu nimtumie ile video.

Kwa haki yako, elewa kwamba wastani wa mita 20 unakuwa chini kidogo ya kilele chenyewe, kwa hiyo usilie kwa sehemu za kilomita. Kwa haki ya Van de Ven nayo, yeye alikuwa kwenye mechi ya ushindani, wewe ulikuwa umetoka kupumzika dakika tano.

Saa za mkononi zinazotumia setilaiti siziweki kwenye mjadala. Nyingi husoma mahali ulipo mara moja tu kwa sekunde, na kwenye sekunde hiyo moja umeshapita mita saba. Niliwahi kuonyeshwa kilomita 41 nikiwa nafunga kamba za viatu.

Sasa itazame tofauti kwa macho

Namba peke yake haiumi. Chukua kasi yako, gawanya kwa 37.38, zidisha kwa 20. Kwangu inatoka mita 14.3. Weka chupa hapo kutoka kijiti cha kwanza. Maana yake tukiingia pamoja kijiti cha kwanza, Van de Ven anapofika cha pili mimi ndiyo niko kwenye chupa. Nilisimama pale nikatazama mbele: mita tano na nusu na kitu, inaingia Hiace na mlango ukafunguka. Na huo ni mchezo wa sekunde 1.93.

Mpwa wangu alisimama kwenye yake, mita 16.4. Akarudi nyuma, akatazama tena, akapima mwenyewe kwa futi kamba kuhakikisha sikumwonea.

Ukitaka kuionja kasi yenyewe, panda bodaboda ambayo spidi mita yake inafanya kazi, nikutakie heri ya kuipata, umwombe akae kwenye 37 barabara ikiwa tupu. Vaa kofia. Tazama ardhi inavyopita kando ya mguu wako.

Kwa wanaofuatilia mpira wa Kimarekani

Wale wana kipimo chao cha yadi 40, ambazo ni mita 36.58, na saa inaanza kutoka kusimama. Xavier Worthy alikimbia 4.21 mwaka 2024, rekodi ya majaribio ya NFL, ligi yao kuu. Ukigawanya unapata wastani wa kilomita 31.3 tu, na usije ukasema winga fulani anampita. Ni hadithi ileile ya Omanyala. Pale saa inaanza mkimbiaji anapojitikisa, hakuna mlio wa kusubiri. Kwa hiyo kwenye video anza kuhesabu kwenye fremu ya kwanza mkono ulioegemea ardhi unapoinuka. Mtego wa vijiti na kamera ni uleule, ila inabidi urudi nyuma zaidi. Mimi nilipata 5.48 nikakifunga kitabu.

Video usiifute. Andika nyuma ya daftari tarehe, saa, upepo ulikuwaje na viatu gani, maana ukirudia baada ya miezi miwili utataka kujua kama ni wewe uliyebadilika au ni kusi.

Yule jamaa wa kahawa nimemwonyesha kila kitu, mpaka vijiti vya ufagio. Amesema anakuja Jumamosi. Hii ni Jumamosi ya nne.